Bei ya Jezi Moja

Wamepiga kambi Arusha, timu zote mbili za taifa,
kwa ajili ya baridi, wanasema, na hewa haba ya mlimani
inayoyatia mapafu adabu.
Wanaume hotelini, njia ya Njiro.
Wasichana bwenini, chuo cha ufundi.
Nguo zao wote zinateremkia kwangu, Kaloleni,
kwenye mabeseni sita na kamba nne
nyuma ya ukuta wa uwanja.

Mimi nafua. Mpira siujui.
Ila najua nyasi zinavyong'ang'ania makalio ya bukta,
najua vumbi la Meru likishalowa
halitoki kwa sabuni ya unga; linataka mche, linataka kucha.
Namjua namba sita wa wasichana, Sikudhani:
jasho lake hukaa bega la kushoto,
kama la mtu aliyebeba ndoo tangu utotoni.
Namba sita wa wanaume, Eliamringi, lake liko pale pale.
Zianike pamoja usiku, usisome mgongo,
kisha uniambie ipi ya nani.

Jumanne, kabla sijalowesha, nikapekua mifuko ya trakisuti.
Ni desturi yangu. Nimeshaokota pete, tasbihi, pipi,
barua ya mtu asiyestahili barua.
Safari hii vikaratasi viwili vya posho.
Tarehe ile ile.
Mhuri ule ule, umepinda upande ule ule,
mwandiko wa kalamu moja, mkono mmoja.
Eliamringi: laki moja na nusu.
Sikudhani: elfu ishirini.
Nikavisoma tena.
Beseni likajaa, likafurika, maji yakanifikia miguuni,
nami nimesimama.

Jioni akaja mweka hazina, Bwana Mwasyeba,
na viatu visivyojua tope.
Akahesabu jezi kwa ncha ya kalamu,
nikaitazama sana kalamu ile.
"Mama Nanyori, hizi za kina dada utupunguzie kidogo."
Kwa nini?
"Wanaume ndio wanaoleta fedha ya mlangoni. Wana wadhamini.
Wasichana wakicheza, jukwaani ni kunguru na mama zao."

Nikaikumbuka mechi yao ya mwisho:
Jumatano, saa nane mchana, jua la utosini,
gari la matangazo halikufika hata Sakina,
geti la mashariki limefungwa, mwenye ufunguo kasafiri.
Unamfungia mtu mlango,
halafu unamcheka hana wageni.
Hilo sikulisema. Nilisema,
"Jezi moja mia tano.
Tope halijawahi kuniambia mimi ni la mume au la mke."
Akacheka peke yake.
Akalipa. Akadai risiti.

Usiku nikapiga pasi.
Vikaratasi vilikuwa vimekauka dirishani,
vimejikunja kama majani ya mgomba wakati wa kiangazi.
Sasa, macho yangu ni mabovu, Kaloleni nzima inajua,
na luku ilikuwa imebakiza uniti mbili.
Cha Sikudhani nikakitia mfuko wa Eliamringi.
Cha Eliamringi nikakitia…
mtanisamehe. Uzee.

Alhamisi, alfajiri, kijana yuko mlangoni kwangu,
kandambili miguuni, ukungu mabegani,
kikaratasi kiganjani
kama mtu aliyeokota kinda la ndege asijue aliweke wapi.
"Mama, umechanganya. Hiki si changu."
Nikakisogeza karibu na macho, nikakisogeza mbali.
Tarehe si yako?
"Yangu."
Kambi si yako? Mazoezi si saa zile zile? Mhuri je?
Akafungua mdomo, akaufunga.
Akakisoma jina, polepole, herufi kwa herufi,
kama mtoto wa darasa la kwanza.

Cha kwake hakukiulizia.
Nilimsindikiza kwa macho haya haya mabovu mpaka njia panda.
Kwenda Njiro ni kushoto.
Yeye alikata kulia, kwenye njia ya bwenini.